JENI, TARIHI NA LUGHA: USHAHIDI MPYA KUHUSU NASABA YA WASWAHILI

1. Utangulizi

Mnamo 1899 mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Mtakatifu Austin upande wa magharibi wa Nairobi, mahali ambapo leo ni mtaa wa Lavington. Walifika na kahawa. Asili ya kahawa hiyo ilijulikana na kusimuliwa: mbegu zake zilitoka kisiwa cha Réunion, zikapandwa Bagamoyo, zikapandwa Bura katika milima ya Taita, na hatimaye zikafika Nairobi, ambako walowezi walizipata na kuzieneza katika mashamba ya nyanda za juu. Kahawa hiyo ikapewa jina la Misheni ya Wafaransa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 watafiti wa Maabara ya Scott, Kabete, waliuteua mti mmoja wa jina hilo katika shamba la Loresho, wakauzalisha kwa alama ya SL34. Kwa mujibu wa jina lake, mti huo ulipaswa kuwa wa ukoo wa Bourbon, yaani kahawa ya Réunion. Jeni zake zilipopimwa katika miaka ya karibuni, zilionyesha kuwa SL34 inahusiana na ukoo mwingine, ule wa Typica.

Kisa hicho hakibatilishi habari ya safari ya mapadre. Mbegu zilisafiri kweli, na misheni ilikuwepo kweli. Kinachodhihirika ni kwamba jina la asili na nasaba ya kiumbe ni mambo mawili, na kwamba moja linaweza kumfikia asiyekuwa na jingine. Mti uliweza kuitwa wa Misheni bila ya kuwa mjukuu wa mti uliotoka Réunion.

Chombo hicho hicho cha uchunguzi sasa kimeelekezwa kwa watu, na katika pwani ile ile ambako safari ya kahawa ilianzia. Mwezi wa Machi 1923 na 2023 ni karne moja kati yake. Katika ile ya kwanza asili ya Waswahili ilijadiliwa kwa hati na hadithi tu, na katika hii ya pili jarida la Nature lilitangaza uchunguzi wa jeni za watu 80 waliozikwa katika pwani ya Waswahili na bara yake. Miongoni mwa waandishi wake walikuwa Esther Brielle na David Reich, wataalamu wa jeni, pamoja na wanaakiolojia Chapurukha Kusimba, Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones. Matokeo yake yaligusa swali ambalo wanafunzi wa Kiswahili wamelibishania kwa muda mrefu: je, Washirazi wanaotajwa katika tarihi za pwani walikuja kweli? Madhumuni ya makala haya ni kueleza ushahidi huo, kuulinganisha na ushahidi wa tarihi na wa isimu, na kuonyesha kuwa kila mmoja unajibu swali lake. Hoja kuu ni kwamba jeni zimethibitisha sehemu ya yale yaliyosimuliwa na wazee kuhusu baba zao, wakati lugha inathibitisha jambo ambalo tarihi zililitaja kwa ufupi tu: nafasi ya mama.

2. Swali la Shirazi kabla ya jeni

Tarihi ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili: kwa Kireno, katika kitabu cha João de Barros kilichotolewa 1552, na kwa Kiarabu, katika nakala iliyohifadhiwa London. Inasimulia habari za mfalme wa Shirazi na wanawe waliosafiri kwa majahazi saba, kila moja likitia nanga mahali pake, na mmoja wao akafika Kilwa. Huko alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Masimulizi ya Kiswahili ya Kilwa Kisiwani, yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, yanaongeza jambo lenye uzito: mgeni alimwoa binti wa mkuu wa kisiwa, na mtoto wa ndoa hiyo ndiye aliyerithi utawala.

Waandishi wa enzi ya ukoloni waliyapokea masimulizi haya kwa namna iliyowafaa. Kwao, misikiti ya mawe na sarafu za Kilwa zilikuwa kazi ya wageni, na Mwafrika alikuwa mpokeaji tu. Fikira hiyo haikubaki vitabuni. Chini ya utawala wa Waingereza katika pwani ya Kenya, kuhesabiwa kuwa Mwarabu au kuwa mwenyeji kulimbadilishia mtu kodi, mahakama na haki ya kupiga kura. Ahmed Idha Salim, katika kitabu chake cha 1973 juu ya wasemaji wa Kiswahili wa pwani ya Kenya, ameeleza jinsi Thenashara Taifa wa Mombasa walivyohangaika miaka mingi kwa ajili ya jambo hilo. Huko Unguja na Pemba jina la Shirazi liliingia katika siasa za vyama, na mwaka 1957 likawa sehemu ya jina la chama cha Afro-Shirazi. Nasaba, kwa hiyo, haikuwa mapambo ya mazungumzo ya barazani. Ilikuwa mali.

Wataalamu nao walitofautiana. G. S. P. Freeman-Grenville aliuweka mwanzo wa ukoo wa Kishirazi wa Kilwa kwenye mwaka 957 hivi. Neville Chittick, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambayo leo ofisi zake ziko Kileleshwa, jirani na Lavington, alichimba Kilwa na Manda, na mwaka 1965 akatoa rai kwamba ukoo huo ulianza karibu na mwaka 1200, na kwamba waliokuja walitoka pwani ya Benadir, si Uajemi moja kwa moja. Hata hivyo, Chittick aliendelea kuwapa wageni wa Ghuba nafasi kubwa katika kuanzishwa kwa miji, hasa Manda.

Upinzani ulitoka pande mbili. Wa kwanza ni uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe ilionekana misikiti ya zamani zaidi, na ule wa kwanza ulikuwa mdogo, wa miti, wa karne ya 8. Mji ulikua hatua kwa hatua kutoka kijiji cha Kiafrika. Haukushuka kutoka jahazini. Wa pili ni isimu. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha 1985, walieleza kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda, Kielwana na Kikomoro, na kwamba masimulizi ya Shirazi hayafai kusomwa kama habari ya uhamiaji kutoka Uajemi. Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff, mwaka 1994, waliendeleza hoja hiyo kwa kutetea Uafrika wa Waswahili mbele ya fikira za kikoloni. Ilipofika mwisho wa karne ya 20, wasomi wengi walikubali kuwa Shirazi ni jina la heshima, si habari ya nasaba.

3. Alama za jeni na jinsi zinavyosomwa

Ni lazima kueleza kwa ufupi jinsi wataalamu wa jeni wanavyopata historia ndani ya mfupa. Kila mtu hurithi DNA kutoka kwa wazazi wake, na katika urithi huo yapo mabadiliko madogo yanayotokea na kupokezanwa. Mabadiliko hayo ndiyo alama. Makundi ya watu yaliyokaa mbalimbali kwa muda mrefu hutofautiana katika wingi wa alama hizo, na kwa kulinganisha wingi huo mtaalamu hukadiria ni wapi walikotoka wahenga wa mtu.

Sehemu tatu za urithi huu zina manufaa ya pekee. Ya kwanza ni DNA ya mitokondria, ambayo mtoto, awe wa kiume au wa kike, huipata kwa mama peke yake. Ya pili ni kromosomu Y, ambayo baba humwachia mwanawe wa kiume. Kwa hiyo ya kwanza husimulia habari ya mama wa mama wa mama, na ya pili habari ya baba wa baba wa baba. Ya tatu ni kromosomu zilizobaki, zinazotoka kwa wazazi wote wawili na kuchanganywa upya katika kila kizazi.

Kuchanganywa huko ndiko kunakotoa tarehe. Watu wa makundi mawili wanapozaana, wajukuu wao wa kwanza hubeba vipande virefu vya urithi wa kila upande. Vizazi vinavyopita huvikata vipande hivyo na kuvifanya vifupi zaidi na zaidi. Mtaalamu akipima urefu wa vipande, huweza kukadiria idadi ya vizazi vilivyopita tangu uchanganyikaji uanze, kisha huzidisha idadi hiyo kwa miaka ya kizazi kimoja. Mwanaisimu hatashangazwa na njia hii. Yeye pia huhesabu umbali kati ya lahaja kwa mabadiliko ya sauti yanayorundikana, na hujua kuwa kadirio la namna hiyo lina upana wa miaka mingi kila upande.

Mifupa ya kale ina faida kuliko damu ya walio hai. Pwani imepokea watu wengi tangu 1500: Wareno, Waomani, Wahadhrami, Wahindi, pamoja na watu wa bara waliokuja kwa hiari na walioletwa kwa nguvu. Jeni za Mswahili wa leo zimebeba habari hizo zote pamoja, na si rahisi kuzitenganisha. Mfupa wa mtu aliyezikwa mwaka 1400 haujui lolote juu ya Sayyid Said.

4. Matokeo ya uchunguzi wa 2023

Watu 80 waliochunguzwa walitoka katika miji sita ya pwani ya kati ya 1250 na 1800, ikiwemo Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na Makwasinyi, kijiji cha bara katika nchi ya Taita, ambako mifupa ni ya baada ya 1650. Sehemu kubwa ya watu hao walitoka Mtwapa, mji ambao Kusimba ameuchimba kwa miaka mingi.

Matokeo makuu ni manne. Kwanza, wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya urithi wao kutoka Afrika, na urithi huo ulitoka hasa kwa wanawake. Pili, sehemu kubwa iliyobaki, na kwa baadhi yao zaidi ya nusu, ilitoka Asia. Katika urithi huo wa Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na sehemu ndogo ilihusiana na Bara Hindi. Tatu, uchanganyikaji ulikuwa umeanza kufikia mwaka 1000 hivi, wakati Uislamu ulipokuwa ukienea pwani kwa upana. Nne, kabla ya 1500 urithi wa Asia ya magharibi ulikuwa hasa wa Kiajemi, na baada ya hapo ulizidi kuwa wa Kiarabu.

Urithi wa Kiafrika nao haukuwa wa namna moja. Ule wa Mtwapa na Manda ulifanana na wa watu wa Makwasinyi, ambao ndani yake damu ya Wabantu ilikwisha kuchanganyika na ya wafugaji wa kale wa Afrika ya Mashariki. Ule wa Kilwa ulikuwa wa Kibantu zaidi. Hilo linapatana na hali ya nchi yenyewe, kwani kila mji wa pwani ulioa katika bara iliyo nyuma yake. Aidha, uchunguzi uliofanywa Visiwa vya Komoro na kutangazwa 2011, kwa kutumia damu ya watu walio hai, ulionyesha sura inayokaribiana na hii: upande wa mama ukiwa hasa wa Kiafrika, na upande wa baba ukiwa na mchango wa Mashariki ya Kati.

Ni haki kukiri kilichotokea hapa. Wasomi waliosema kuwa hapakuwa na Waajemi katika nasaba za pwani walikosea, na wazee waliohifadhi tarihi walikuwa na habari ya kweli. Wala si habari ya Waajemi tu. Masimulizi ya Kilwa yalisema kuwa mwanamume alitoka ng'ambo na mwanamke alikuwa wa kisiwani, na alama za mitokondria na za kromosomu Y zinasema hivyo hivyo.

5. Lugha na upande wa mama

Hata hivyo, mwanaisimu anabaki na swali ambalo jeni peke yake hazilijibu. Ikiwa baba wengi walitoka Uajemi, mbona watoto wao hawakusema Kiajemi?

Ushahidi wa hati ni wa kale. Mwandishi wa Kiyunani wa kitabu cha safari za Bahari ya Shamu, katika karne ya 1, aliandika kuwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuja pwani ya Azania walioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Mwaka 916 al-Masudi alisafiri katika bahari hii pamoja na manahodha, baadhi yao wakiwa wa Siraf, bandari ya Uajemi. Aliandika kuwa katika kisiwa cha Kanbalu walikaa Waislamu waliosema lugha ya Zanji. Habari hizi mbili, zilizotenganishwa na miaka mia nane, zina mwelekeo mmoja: mgeni ndiye aliyejifunza lugha ya wenyeji.

Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi wa tatu. Ngeli zake, viambishi vya kitenzi na msamiati wake wa msingi, kama vile jicho, mkono, moto, kula, kulala na kufa, ni vya Kibantu. Maneno ambayo asili yake ni ya Kiajemi, kama bandari, pamba, nanga na rangi, ni machache yakilinganishwa na ya Kiarabu, na baadhi yake huenda yalipitia Kiarabu au lugha za Bara Hindi kabla ya kufika pwani. Maneno ya Kiarabu, kwa upande wake, ni maelfu, na mengi yao wanaisimu wameyahesabu kuwa ya karne za karibuni.

Hapa ndipo palipo na jambo la kuzingatiwa zaidi. Mpango wa damu na mpango wa maneno haulingani. Waajemi, ambao mchango wao katika jeni za watu wa kale ni mkubwa, waliacha maneno machache. Waarabu, ambao mchango wao katika mifupa ya kabla ya 1500 ni mdogo, wamejaza kamusi. Sababu yake haifichiki. Maneno ya Kiarabu hayakuingia kwa njia ya kitanda cha mtoto. Yaliingia kwa njia ya chuo, msikiti, mahakama, hati na biashara: sala, sheria, kadhi, hesabu, kitabu. Hayo ni maneno anayojifunza mtu anayekua au aliyekwisha kukua. Kwa mama mtoto alipata sarufi, na sarufi hiyo ilibaki.

Kwa hiyo ukoo ulihesabiwa kwa baba, na lugha ikarithiwa kwa mama. Tarihi ziliandikwa kwa madhumuni ya kuthibitisha haki ya kutawala, na haki hiyo ilipitia kwa baba. Ndiyo maana zinataja orodha ya masultani, na binti wa mkuu wa kisiwa anatajwa mara moja tu, tena bila jina. Lakini kila anayesema leo 'mtu mmoja alikuja' anafuata upatanisho wa ngeli aliourithi kwa huyo asiyetajwa jina.

6. Mipaka ya ushahidi

Mambo matatu yanahitaji tahadhari. La kwanza ni idadi na hali ya waliochunguzwa. Watu 80 ni wachache kwa pwani ya zaidi ya kilomita elfu moja na kwa karne tano na nusu. Aidha, mifupa iliyochimbwa ni ya miji yenye misikiti na makaburi ya mawe. Wavuvi, wakulima na watumwa waliokaa katika nyumba za udongo nje ya mji, ambao nao walisema Kiswahili, hawana uwakilishi unaolingana na wingi wao. Kilwa yenyewe, ambayo tarihi yake inasemekana kuthibitishwa, imetoa watu wachache sana. Ushahidi mwingi ni wa Mtwapa, mbali kaskazini.

La pili ni tarehe. Kuanza kwa uchanganyikaji kufikia mwaka 1000 kunakaribiana na mwaka aliouweka Freeman-Grenville kuliko ule wa Chittick. Lakini ndoa za mabaharia si kuanzishwa kwa ukoo wa wafalme. Mambo hayo mawili yanaweza kuachana kwa vizazi vingi, na jeni zinapima la kwanza tu. Tena msikiti wa kwanza wa Shanga ni wa karne ya 8. Mji na dini vilikuwepo pwani kabla ya wakati ambao uchanganyikaji huo unaonekana kwa wingi, na hilo peke yake linatosha kuivunja fikira ya kuwa baba wa kigeni ndiye aliyeujenga mji.

La tatu ni majina. Mtaalamu wa jeni anaposema 'Mwajemi', ana maana ya mtu ambaye alama zake zinafanana na za watu wa Iran. Hasemi mtu huyo alisema lugha gani, alikuwa tajiri au baharia, wala alijiita nani. Mtu wa namna hiyo aliyekaa Ghuba vizazi vitatu angeweza kuwa msemaji wa Kiarabu. Jina ambalo mtaalamu amelichagua kwa urahisi wa hesabu likiingia katika siasa hugeuka kuwa hukumu, na historia ya pwani imekwisha kuonyesha madhara yake.

7. Hitimisho

Ushahidi wa jeni haukumaliza mjadala wa Waswahili ni nani, kwa sababu swali hilo si la damu. Umesahihisha jambo moja kubwa: Washirazi wa tarihi hawakuwa ndoto tupu. Lakini haukurudisha fikira ya kikoloni mahali pake, kwa kuwa haukuonyesha kwamba wageni walileta mji, na lugha inakataa kwamba walileta lugha. Walikuja, wakaoa, wakazaa, na watoto wao wakawa Waswahili kwa kulelewa na mama zao.

Msomaji mwenye shaka atazame Lavington yenyewe. Katika mtaa uliokuwa shamba la kahawa la misheni, wamo watoto ambao baba ni Mluo na mama ni Mkikuyu, au baba ni Mkamba na mama ni Mluhya, na lugha zao za kila siku ni Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Hakuna babu hata mmoja miongoni mwa babu zao aliyezaliwa katika lugha hizo. Mtaalamu wa miaka elfu moja ijayo akiichukua mifupa yao ataweza kuzitaja nasaba zao kwa usahihi mkubwa: huyu alitoka upande wa Ziwa, yule upande wa Mlima Kenya. Atakachokosa ni lugha waliyocheza nayo uwanjani, na bila ya hiyo hatajua walikuwa watu gani. Kwa hiyo mwanajeni na mwanaisimu hawana budi kukaa meza moja, na mwanaisimu asije kwenye meza hiyo kama mgeni wa kuthibitisha yaliyokwisha kuamuliwa. Anayo habari ambayo haikuzikwa pamoja na wafu, kwa kuwa ingali ikisemwa.